Nyumba Iliyoachwa Njiani

Guangzhou ya miaka ile haikuwa na nafasi kwa mtu asiyenunua kitu. Ukikutana na Mswahili mwenzako kwenye ngazi, kabla ya salamu anakuuliza unapakia lini, kontena limefika wapi, laobani wako wa jinzi ni nani. Laobani ni bosi kwa Kichina, na sisi hata muuza maji tulimwita laobani ili atupunguzie bei. Katikati ya watu wa namna hiyo alikuwepo Anjulo, Mhabeshi mrefu mwenye vidole vyembamba, ambaye hakuwa na kontena wala duka wala mzigo wowote wa kupakia. Alijua kusuka. Basi.

Mimi naitwa Kalista, mtu wa Muleba, mkoa wa Kagera. Nilikuwa nanunua vitambaa vya mapazia soko la Zhongda na mikoba ya Shiling, napeleka Bukoba na Mwanza. Nilikaa kule na mume wangu Sostenes, ambaye kazi yake ilikuwa kupakia mizigo ya watu, na kazi yake ya pili ilikuwa kuongea. Huyo nitamfikia. Kwanza nimzungumzie Anjulo, kwa sababu kila watu wanaposimulia mwaka ule wa 2008 wanasimulia Olimpiki na shida ya viza, na yeye hakuna anayemtaja. Wanamjua vizuri sana, na hawamtaji. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Alizaliwa Dorze, milimani juu ya Arba Minch, kusini mwa Ethiopia, mahali penye baridi na ukungu ambapo mwanamume asiyejua kusuka huonekana hajakamilika. Wanasuka nguo za pamba, na wanasuka nyumba. Ndiyo, nyumba. Alinieleza siku moja jikoni kwa Jovitus, kwenye mgahawa alikofanya kazi, kwa Kiswahili chake alichokiokota Nairobi, mtaa wa Eastleigh, alikokaa miaka kadhaa kabla ya kuja China. Unachora duara chini kwa kigingi na kamba. Unasimamisha mianzi mizima kuzunguka duara lile, halafu unapasua mingine kuwa fito nyembamba kama mkanda na kuanza kuzipitisha, nje, ndani, nje, ndani, ukizunguka na kupanda, kama mtu anayesuka tenga la kuku, ila tenga lenyewe linapita dari la kanisa la kijijini. Juu unaifumba. Mbele unaitolea pua, kibaraza kidogo kilichofunikwa, na chini ya pua ndipo penye mlango, mmoja tu. Kisha unaivisha maganda ya mgomba wa kwao, ule usiozaa ndizi za kuliwa. Hakuna msumari hata mmoja.

"Halafu mchwa wanakuja," alisema.

"Wanaila?"

"Wanakula miguu yake. Kila mwaka kidogo. Nyumba inafupika, dada. Inaanza ndefu, mwenyewe bado kijana. Mwenyewe akizeeka, nayo imeinama."

Mchwa wakizidi, kwao hawabomoi. Wanakata sehemu iliyooza, wanafunga miti ya kubebea, majirani wanakuja na kuiinua nzima nzima, wanaihamishia kiwanja kingine. Anayeisuka anakaa ndani wakati inabebwa, kwa sababu walio nje hawaoni chini. Yeye anaangalia miguu ya nyumba na ardhi, anawaambia kwa sauti waende wapi. Wakichoka wanaitua, wanapumzika, wanaiinua tena. Nyumba ya mama yake ilikuwa imekwisha kuhama mara mbili, na mara ya pili Anjulo ndiye aliyekuwa ndani.

"Na majirani wakiichoka kabisa?" nilimuuliza kwa utani. "Wakiiacha barabarani?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Hiyo haiko. Mtu ameshashika mti, ataachaje?"

Nilicheka naye. Sasa nikikumbuka kicheko kile sina hamu ya kucheka.

Jinsi alivyofika China ni habari ya kukasirisha peke yake. Kwao wanafuma shuka nyeupe za pamba zenye ukingo wa rangi, kazi ya wiki nzima kwa shuka moja. Tajiri mmoja wa Addis alitaka kiwanda cha huku kiitoe ileile kwa mashine, kwa bei ya kutupa. Mafundi waliipiga picha, lakini ukingo uliwashinda, ndipo tajiri akamleta Anjulo awaonyeshe uzi upi unapita wapi. Akawaonyesha. Siku robota la kwanza lilipotoka kiwandani, tajiri alimpa mkono, akapanda ndege na kumwacha na viza ya kuisha mwezi ule. Baadaye ndugu zake wakampigia simu kwamba wafumaji wanarudi mlimani mikono mitupu, sokoni kumejaa shuka za China. "Mimi niliwafundisha," aliniambia, akiendelea kumenya vitunguu.

Vitunguu vilikuwa vya Jovitus. Jovitus ni Mhaya mwenzangu, na sioni fahari. Alikuwa na mgahawa wa chakula cha Kiafrika katika mojawapo ya vile vijiji vilivyomezwa na jiji, chini ya ghorofa lenye giza, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja cha zamani cha kupakilia lori, wazi upande wa kichochoro. Anjulo alimfanyia kazi za jikoni kwa chakula na mahali pa kulala. Siku Jovitus alipoonyeshwa picha ya nyumba ya Dorze kwenye simu, akaona biashara. Akamwambia Anjulo amjengee moja pale kiwanjani, watu waketi ndani wale, wapige picha, na ikisimama atamwandikisha kama mpishi wake rasmi apate kibali cha kukaa.

Mwelewe maana ya neno hilo mwaka ule. Serikali ilikuwa inasafisha miji kabla ya wageni wa Olimpiki. Viza zilizokuwa zikiongezwa kwa siku moja ziligeuka meyo, meyo, hakuna, hakuna. Polisi walisimama kwenye njia za kuingilia majengo yetu, wakataka pasipoti ya kila mweusi, na asiyekuwa na viza hai alipandishwa gari akawekwa ndani mpaka apatikane wa kumlipia faini na tiketi. Anjulo hakuwa na wa kumlipia. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa mapambo. Ilikuwa kibali chake.

Mianzi haikumpa shida, maana kila ghorofa linalojengwa Guangzhou lilikuwa limevishwa mianzi ya kusimamia mafundi, na mabaki yalitupwa ovyo. Shida ilikuwa nguo ya nyumba, yale maganda. Hapo akanijia mimi. Mimi nimelelewa chini ya migomba, sihitaji kuhadithiwa, na bibi yangu aliishi kwenye msonge, nyumba yetu ya nyasi ya Kihaya, mpaka wanawe wakamjengea ya bati, na kelele za mvua zikamnyima usingizi hadi alipofariki. Nikampakia Anjulo kwenye basi, tukaenda kusini kwenye mashamba ya ndizi ya kule kwenye mito. Mzee mwenye shamba alituuliza kwa mikono tunataka ndizi kilo ngapi. Nikamwonyesha hatutaki ndizi, tunataka maganda ya mashina aliyokwisha kuyakata na kuyatupa. Akamwita mkewe aje awaone Waafrika waliopanda basi kuja kununua takataka. Walicheka, wakatupa bure, wakatufungia na kamba. Dereva wa basi alipoona mzigo akasema meyo, akafunga mlango, tukarudi juu ya pikipiki ya matairi matatu, tumekaa juu ya maganda kama kuku.

Aliisuka peke yake. Nilikuwa nikitoka Zhongda na mizigo yangu napitia kumtazama. Mikono yake ilipokuwa kwenye mianzi alikuwa mtu mwingine; yule muosha vyombo aliyepishana na watu kwa kuinamisha kichwa hakuwepo. Ukimwongelesha hajibu mpaka amalize mzunguko. Wachina wa mtaa walikuwa wanaleta viti na kukaa kumwangalia. Kulikuwa na bibi muuza maandazi ya mvuke kona ya kichochoro, mkali kama pilipili, hajawahi kutujibu salamu, naye siku moja alishika ufito mmoja, akauvuta, akauona haulegei, akatikisa kichwa na kumpa Anjulo andazi. Hakudai kitu.

Ilipokamilika ilikuwa ndogo kwa kipimo cha kwao, ya kuketi watu kumi na kidogo, lakini ilikuwa nyumba. Ukiingia ndani kuna ubaridi na harufu ya shamba, na mwanga unapita kwenye msuko vipande vipande. Nilikaa mle nikalia kidogo, wala sikujificha. Watu walijaa. Waganda, Wakongo, Wahabeshi wenzake, hata Wachina vijana. Jovitus alinenepa. Kila Anjulo alipouliza habari za kibali aliambiwa wiki ijayo.

Wiki ijayo ikaja na notisi. Watu wa ofisi ya mtaa walibandika karatasi nyekundu juu ya pua ya nyumba: vibanda vyote vya mianzi na majani viondolewe kabla ya Jumanne jioni, ni hatari ya moto, kichochoro kinasafishwa. Jovitus hakugombana hata dakika moja.

"Vunja," alimwambia Anjulo. "Kesho lete shoka."

"Na kibali, bosi?"

"Kibali cha nini? Nilisema nyumba ikisimama. Sasa inasimama?"

Nilikuwepo. Nilimwambia Jovitus maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama yake bado yuko hai na ni mtu wa heshima. Kisha nikamfuata Élise.

Élise ni Mkongo wa Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na alikuwa na kampuni iliyosajiliwa kihalali pamoja na Mchina mmoja. Ghala lake lilikuwa mwisho wa kichochoro kilekile, na nyuma lilikuwa na ua wenye kuta ndefu, mali binafsi, notisi za kichochoro hazikuuhusu. Alikuwa anataka kufungua mahali pa kula.

"Bon, Mama Kalista," alisema. "Iyo nyumba minaipenda. Ikifika kwangu nzima, Anjulo naye anaingia ku makaratasi ya kampuni. Lakini nzima. Mianzi ya kuvunjika mimi nitafanya nayo nini?"

Nzima. Sasa mnaona. Nyumba ile haifunguliwi ikafungwa tena. Ukikata fito zake umemaliza. Ilibidi ibebwe, kutoka kiwanja cha Jovitus mpaka ua wa Élise, mwendo wa kumaliza sigara moja kwa mtu asiye na mzigo. Anjulo aliposikia alifurahi kama mtoto. Kwake hili ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote.

Jumapili alikuja kanisani, lile kanisa la mawe karibu na barabara ya Yide tunakosali wote. Baada ya misa watu wamesimama uani wanabadilishana habari za makontena, akapanda ngazi akapaza sauti kama wanavyofanya kwao: "Nyumba yangu inahama! Nyumba yangu inahama!" Akanyamaza akasubiri. Kwao ukishasema hivyo hurudii. Watu wakatazamana. Mmoja akacheka. Kamande, Mkikuyu aliyekuwa anauza simu, alininong'oneza, "Mathe, huyu msee yuko sawa? Hizi siku ni za kukusanyika kweli?"

Ndipo Sostenes wangu akapiga kifua. Ndiyo, yeye. Alisema kwa sauti ya uwanja mzima kwamba ni aibu, kwamba kwetu Muleba mtu akijenga huitwa kijiji, kwamba Waafrika tumekuwa watu wa kununua tu tumesahau kubeba. "Mimi nashika mti wa mbele!" alisema. "Nani mwanamume?" Basi wakajitokeza, mmoja baada ya mwingine, Watanzania, Wakongo, Kamande naye, mpaka wakatosha. Anjulo alikwenda kwa kila mmoja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Nami nilimwangalia mume wangu nikajivunia, Mungu ananiona.

Tulikubaliana Jumatatu alfajiri, kumekucha lakini kabla wauza mboga hawajaziba njia. Anjulo alikuwa ameshapita na mwanzi mrefu kupima nyaya za umeme zilizoning'inia, akajua wapi nyumba itainamishwa. Alikata miguu usawa wa ardhi, akafunga miti ya kubebea, akaingia ndani na kisu chake kiunoni. Sostenes mti wa mbele kushoto, kama alivyosema.

"Tayari?" sauti ya Anjulo ikatoka ndani. "Inueni!"

Ikainuka. Nimeona mambo mengi yaliyotengenezwa Guangzhou, viatu vya taa, saa zinazoimba, lakini sijaona kitu kama nyumba ile ikitoka kiwanjani juu ya mabega ya watu, pua yake mbele, maganda yakisugua kuta za pande zote. Sauti ilikuwa inatoka tumboni mwake: "Kushoto kidogo! Polepole! Inamisheni, waya! Sasa sawa!" Sostenes akaanzisha wimbo wa kwaya, wenzake wakaitikia. Madirishani Wachina wametoa vichwa, wengine wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na mfagio, nazoa maganda yaliyodondoka. Kule mwisho nilimwona Élise amesimama kwenye geti lake wazi, na gauni la kulalia na birika la chai mkononi.

Walikuwa wamepita nusu ya njia walipotokea polisi wawili juu ya pikipiki.

Walikuja kununua maandazi. Namwapia yeyote anayetaka kuapiwa. Walisimama kwa yule bibi wa kona, mmoja ameshatoa hela mfukoni, walikuwa wanacheka jambo lao. Hawakuwa wametuangalia hata kidogo. Lakini mtu mmoja aliona kofia, akasema "Polisi!" kwa sauti ndogo tu, na hiyo ikatosha. Mti wa kwanza kuachiwa ulikuwa wa mbele kushoto.

Nyumba ikaenda upande. Wengine wakajaribu kuishika, uzito ukawazidi, wakaachia nao, ikaanguka kwa kishindo kikubwa na kulala ubavu ikiegemea mlango wa chuma wa duka la viatu, pua yake imebanwa pale ukutani. Halafu ni mguu niponye. Viatu vilibaki barabarani. Sekunde chache kichochoro kilikuwa cheupe, tumebaki mimi, mfagio na nyumba. Polisi wakageuka na maandazi mikononi, wakaona Waafrika wote hao wanatimka mbio, na bila shaka wakajiuliza tumeua nani. Mmoja akatoa redio na kuita wenzake.

Nilikimbilia nyumba. "Anjulo! Umeumia?"

"Bega," alisema. Nilimwona vipande vipande kupitia msuko, amechuchumaa. "Si sana. Mlango uko kwa ukuta."

"Polisi wameita gari. Kata utokee huku nyuma, upande wangu! Kisu si unacho? Kata fito tatu tu, upite kwenye ngazi hii ya kwetu, hawajakuona!"

Ilikuwa kweli. Hawakujua kuna mtu ndani. Walikuwa wamesimama mbali wakisubiri wenzao, wakiliangalia lile tenga kubwa kama mtu anayeangalia mzoga. Angetoka. Angelala juu kwetu, maana tulikaa ghorofa la palepale kichochoroni, mpaka yapite.

"Nikikata imekufa, dada," alisema. "Itafika vipi kwa Élise?"

"Achana na Élise! Toka!"

"Watarudi," aliniambia, na sauti yake haikuwa na wasiwasi. Alikuwa ananituliza mimi. "Wameogopa, watarudi. Nyumba haiachwi njiani. Wewe waite tu, waambie niko tayari."

Nikapanda ngazi mbiombio. Nilipiga mlango wa Kamande, jirani yetu. Akajibu bila kufungua: "Mathe, nisamehe. Sina karatasi. Unajua sina." Huyo simlaumu mpaka kesho. Nikapiga mingine, kimya, watu wamezima hata redio. Mwisho nikaingia chumbani kwetu. Sostenes alikuwa kwenye beseni ananawa mikono. Pasipoti yake ilikuwa mfuko wa shati, nilikuwa nimeiweka mwenyewe asubuhi ile, na viza yake ilikuwa na miezi mbele.

"Anjulo yuko ndani ya nyumba," nilimwambia. "Anawasubiri. Shuka wewe na wale wenye viza, mko wengi, mnatosha angalau kuisogeza mlango ukafunguka. Wewe wana nini cha kukukamata?"

"Kalista, hujui hawa watu."

"Uliachia wa kwanza."

"Nani kasema? Wote tuliachia."

"Nilikuwa nyuma yako, Sostenes."

Akaendelea kunawa. Mikono ilikuwa safi siku nyingi, naye ananawa. Nilimvuta shati, akaushika mlango kwa mkono wa pili, mkono wenye maji. Nikamwacha.

Niliporudi chini gari lilikuwa limefika, na watu wa mtaa wamejaa na simu zao wanapiga picha. Élise alikuwa anabishana na ofisa mmoja kwa Kifaransa na Kichina kwa pamoja, gauni la kulalia hivyohivyo. Askari mmoja alikuwa amechungulia kwenye msuko, akaona macho yanamwangalia. Wakamwambia atoke. Akawaelekeza kwa ishara kwamba mlango umebanwa, waisogeze kidogo tu, hivi. Hawakuwa na muda wa kusogeza nyumba. Fundi mmoja akaletwa na msumeno wa injini.

Sauti ile naisikia mpaka leo nikipita kwa mafundi seremala. Fito zilikuwa zinakatika na kuruka, nyumba nzima ikalegea mara moja. Anjulo alitoka kwenye tundu ameinama, vumbi la mianzi kichwani. Alikitoa kisu kiunoni akawakabidhi, mpini mbele, kwa adabu. Hakuwatazama. Alikuwa anatazama kichochoro juu ya mabega yao, huku na huku, kila mlango.

Kulikuwa na mimi na Élise.

Pingu zilipofungwa aliuliza, "Bado hawajashuka?" Nikamwambia pole. Akapandishwa gari. Yule bibi wa maandazi alikuja na andazi la moto kwenye mfuko wa nailoni, akalisukuma dirishani akimfokea askari kwa Kichina cha kasi, na askari akaliacha lipite. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyoagwa nayo, na haikutoka kwetu.

Nyumba ilipakiwa kwenye lori la taka kabla ya saa sita. Jovitus aliichukua pua, kile kibaraza, akaitundika ukutani mgahawani kwake na kuiwekea taa za rangi. Wateja waliipenda. Anjulo alikaa ndani zaidi ya miezi miwili, mpaka Élise na Wahabeshi wenzake walipopata njia ya kumtoa akarudishwa kwao. Wale wabebaji, tulipokutana kanisani Jumapili iliyofuata, kila mmoja alinieleza kwa nini yeye hasa asingeweza. Nilikuwa sijawauliza. Kisha wakaacha kulitaja jina lake, taratibu, wote kwa pamoja, na hilo walilibeba bila kuliangusha.

Simu ilikuja karibu na Krismasi. Nilikuwa natengeneza robota la mapazia, Sostenes amelala kitandani anaangalia mpira.

"Dada Kalista? Mimi Anjulo."

Nilipiga kelele ya furaha. Alikuwa Chencha, mji ulio karibu na kwao, kwenye simu ya mtu. Bega halijapona sawasawa. Mama yupo. Mchwa walikuwa wameila nyumba ya mama yake mpaka mlango umekuwa wa kuingia kwa magoti, kwa hiyo wiki iliyopita wameihamisha, na yeye alikaa ndani. "Watu walikuja wengi," alisema. "Ilifika." Aliniuliza hali ya Élise, ya yule bibi wa maandazi, ya biashara.

"Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu. Siku ile, wakati walinibeba na gari. Baadaye, wenzetu, walirudi?"

Nilimtazama mwanamume aliyekuwa kitandani. Alikuwa amesikia, simu yangu ilikuwa na sauti kubwa. Macho yake yalikuwa kwenye mpira lakini hakuwa anauona. Sikuona kwa nini niseme uongo kwa niaba yake, wala kwa nini niseme ukweli kwa niaba yake. Nikamwekea simu sikioni.

"Mjibu," nilimwambia.

Sostenes aliishika. Mwanamume anayeongea kutoka asubuhi mpaka jioni, aliyewahutubia watu uani mwa kanisa. Aliishika simu kwa mikono miwili, na mimi nikiwa nimesimama mbele yake nilimsikia Anjulo anaita kutoka kule mlimani, bila hasira, kama mtu anayesubiri tu kuambiwa: "Haloo? Dada? Walirudi? Haloo?" Aliita hivyo mpaka laini ikakatika.